Vijidudu vya Sarang'ombe

Msomaji kijana, katika vitu vyote ambavyo binadamu huvipa kisogo, hapana kipewacho kisogo upesi kuliko uvundo. Ua humsimamisha mpita njia, uvundo humkimbiza. Hata hivyo nakuomba usimame nami kitambo kidogo kando ya mfereji mmoja wa Sarang'ombe, katika Kibera ya Nairobi. Kunja pua ukitaka, lakini fumbua macho. Mfereji huo hauna jina. Huteremka kati ya nyumba za mabati na udongo, hupita chini ya ubao uliotandazwa kuwa daraja, hukutana na wenzake bondeni, na mwisho maji yake huingia Mto Motoine na Bwawa la Nairobi. Tazama pale maji yalipotuama. Utaona povu dogo likipanda kutoka matopeni, likapasuka, likafuatwa na jingine. Watu wengi huruka mfereji huo kila asubuhi waendapo kazini wala hawalitazami povu lile. Mimi hufundisha elimu ya viumbe katika shule ya sekondari iliyo jirani, na kwa miaka kadhaa sasa povu hilo limekuwa kitabu changu cha pili.

Ndani yake mna hewa mbalimbali, na iliyo nyingi aghalabu ni methani. Nataka uisamehe methani kosa moja isilolitenda: uvundo si wake. Methani haina rangi wala harufu. Kinachokutoa machozi chooni ni amonia, na kinachonuka kama yai viza ni hewa yenye salfa. Hizo ni jirani zake, nazo ndizo zilizoiponza. Ya kuwa methani huwaka moto ni jambo lililojulikana zamani. Mwezi wa Novemba 1776 Mtaliana mmoja aitwaye Alessandro Volta, ambaye jina lake twalitamka kila tupimapo umeme kwa volti, alichokoa matope ya Ziwa Maggiore kwa fimbo, akalikinga povu katika chupa iliyojaa maji, kisha akalitia moto, likawaka kwa mwali wa samawati. Kwa miaka mingi baadaye watu waliiita hewa ya kinamasi. Kila chembe yake ni kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni nne, basi. Hapana kitu chepesi kuandika ubaoni kuliko hicho.

Kutambua watengenezaji wake kulichukua muda mrefu zaidi. Watengenezaji hao ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, wala havifanyi kazi kimoja kimoja. Nitakupa mfano wa hapa hapa kwetu. Ng'ombe akichinjwa, nyama huenda kwa mwenye bucha. Kichwa na miguu huenda kwa mpika supu. Matumbo hununuliwa na mama auzaye njiani jioni. Na mifupa, ambayo wewe ungedhani ni mwisho wa habari, huchukuliwa na mafundi wa Kibera ambao huikata, huisugua na kuing'arisha, wakatengeneza shanga na vipuli vya masikio. Kila mmoja huishi kwa mabaki ya mwenziwe. Ndivyo ilivyo matopeni. Kundi la kwanza la vijidudu hukatakata wanga, mafuta na protini za uchafu kuwa vipande vidogo. Kundi la pili huvila vipande hivyo na kutoa asidi. Kundi la tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, pamoja na haidrojeni na kaboni dioksidi. Ndipo lije kundi la mwisho, ambalo hupokea vitu hivyo vilivyokwisha kukataliwa na wote na kuvifanya methani.

Kundi hili la mwisho si bakteria, ijapokuwa kwa siku nyingi walimu walifundisha kuwa ni bakteria. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Carl Woese na George Fox, walichunguza sehemu za ndani za vijidudu hivyo wakaona kuwa vimeachana na bakteria tangu zamani za kale. Leo vimewekwa katika ukoo wao wenyewe, ukoo wa akea. Havistahimili oksijeni. Hewa ambayo wewe na mimi hatuwezi kuikosa kwa dakika chache kwao ni sumu. Kwa hiyo hukaa penye giza na kusongamana, chini ya matope, ndani ya mashimo ya vyoo, katika matumbo ya ng'ombe na mchwa, na katika mashamba ya mpunga yaliyofurika.

Siku moja nilipokwisha kueleza hayo darasani, msichana wa kidato cha tatu alisimama akauliza: "Mwalimu, kumbe sisi tunaokaa hapa ndio tunaoipasha dunia joto?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, wala mimi sikucheka, maana niliona kuwa anauliza kitu kingine pia. Mtoto anayeishi karibu na mfereji husikia mengi juu ya mtaa wake. Husikia kuwa unanuka, kuwa unaleta maradhi, kuwa watu wake hawana adabu ya usafi. Sasa somo la sayansi nalo limemfuata na kumwongezea shtaka jingine, tena la ulimwengu mzima. Swali lile lilistahili jibu la hesabu, si jibu la kumbembeleza, nami nilimwahidi kumletea hesabu kesho yake. Hii hapa, nawe uipime.

Ni kweli kwamba methani huipasha dunia joto. Ikisha kupanda angani hudumu kwa miaka kama kumi hivi kabla ya kuvunjwavunjwa, na katika muda wa miaka 20 kilo moja yake hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Kabla viwanda havijaanza, katika kila chembe bilioni moja za hewa ya anga zilikuwamo chembe 700 hivi za methani. Leo zimepita 1,900. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, upande wa pili wa jiji letu hili, lilitoa taarifa mwaka 2021 ya methani itokanayo na kazi za binadamu. Katika kila sehemu 100, kama 40 hutoka katika kilimo na mifugo, kama 35 hutoka katika uchimbaji na usafirishaji wa mafuta, gesi ya ardhini na makaa ya mawe, na kama 20 hutoka katika jalala na maji machafu. Na vyoo vya shimo je? Vyoo vya shimo vya dunia nzima, ambavyo hutumiwa na watu zaidi ya bilioni moja na nusu, hukadiriwa kutoa karibu sehemu moja tu katika 100.

Basi tazama. Watu zaidi ya bilioni moja na nusu, sehemu moja. Bomba la gesi linalovuja katika jangwa la nchi tajiri halinuki, halina nzi, halipigwi picha na wageni. Nalo hutoa methani siku nzima na usiku kucha. Hatia haiwezi kugawanywa kwa pua. Nilipomwandikia hesabu hiyo ubaoni, msichana yule aliinakili yote, akapiga mstari chini ya ile sehemu moja, akaketi. Sikusema kwamba mfereji wetu hauna neno. Una neno kubwa, nalo ni la homa ya matumbo na kuhara; lakini hilo ni deni tunalodaiwa na watoto wa mtaani kwetu, si shtaka la kuunguza dunia.

Nimetaja mifugo, nami siwezi kuipita hivi hivi, maana sikio la Mswahili husikia ng'ombe ndani ya jina Sarang'ombe, ijapokuwa siku hizi utakutana zaidi na mbuzi vichochoroni. Watu wengi hudhani ng'ombe hutoa methani kwa nyuma. La, kwa sehemu kubwa huitoa kinywani, kwa kucheua. Tumbo lake la kwanza ni pipa kubwa la vijidudu, na bila vijidudu hivyo asingeweza kupata chakula katika majani makavu. Huko Uthiru, si mbali na Kawangware, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iitwayo ILRI ina kituo kiitwacho Mazingira. Humo ng'ombe huingizwa katika chumba kilichofungwa vizuri, akala na kucheua, na hewa aitoayo ikapimwa. Kazi hiyo yafaa kufanywa hapa Afrika, kwa sababu kwa muda mrefu nchi zetu zilikadiriwa kwa hesabu zilizopatikana kwa ng'ombe wa ng'ambo, wala ng'ombe wa kwetu hali majani yale wala hana mwili ule.

Sasa turudi kwenye povu. Ikiwa hewa hiyo huwaka, kwa nini ipotee bure? Swali hilo si geni. Katika Kenya mtambo wa kwanza wa kutengeneza gesi ya samadi ulijengwa mwaka 1957 katika shamba la kahawa. Katika Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, methani iliyotengenezwa na vijidudu imelimbikana vilindini kiasi cha kilomita za mchemraba zipatazo 60, na mtambo wa KivuWatt huko Kibuye huifyonza na kuifanya umeme wa megawati 26. Nasi Sarang'ombe hatuna kilindi cha ziwa, lakini tuna watu.

Shirika la Umande Trust, lililoanzishwa Nairobi, lilijenga pamoja na vikundi vya wenyeji majengo yaitwayo vituo vya bayogesi, na kimoja kijulikanacho sana ni kile cha Katwekera Tosha, humu humu mtaani. Jengo la namna hiyo aghalabu ni la mviringo. Chini ya ardhi kuna kuba lililojengwa kwa ustadi lisipitishe hewa. Juu yake vyoo na bafu. Na ghorofani ukumbi wa mikutano au vyumba vya kupangisha. Anayetumia choo hulipa shilingi chache. Kinachoanguka huingia kubani, na humo vijidudu vyetu hufanya kazi ile ile vilivyokuwa vikiifanya mferejini, ila hewa yake sasa ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni bomba liendalo jikoni.

Usidhani ni hazina kubwa. Kinyesi cha mtu mmoja kwa siku hutoa lita 25 hadi 30 tu za gesi, na jiko la kichwa kimoja hula lita 200 hadi 400 kwa saa. Kwa hiyo yahitajiwa watu kama kumi ili kupata saa moja ya moto. Kituo kitumiwacho na mamia ya watu kwa siku kina moto wa kutosha kupikia wengi. Choo cha nyumba moja hakina. Tena Nairobi ni mji wa baridi kwa vijidudu hivi. Hupenda joto la digrii 35, nasi wastani wetu wa mwaka ni digrii 18 au 19, ndiyo maana hufanya kazi pole pole, na mwezi wa Julai pole pole zaidi.

Si kila mtu aliupokea moto huo kwa furaha. Katika kituo kimojawapo nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa akichemsha maharagwe, kazi ambayo kwa makaa humaliza fedha nyingi. Nilimwamkia, nikamwuliza kama wateja wake hawaoni kinyaa. Akafunua sufuria, akakoroga, akasema: "Mwalimu, mwanzoni mimi mwenyewe nilipika chai nikaimwaga. Mume wangu ndiye aliyeinywa ya pili, nikamtazama siku mbili. Hakuumwa." Kisha akanionyesha sufuria kwa chini: ilikuwa nyeupe, haina masizi. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo mama hupika kwa makaa na mtoto mchanga amelala hatua mbili kando yake, jambo hilo la masizi si dogo hata kidogo.

Hapa yanipasa nikatishe habari ya sifa nikuambie la hatari, maana huenda litakufaa kuliko mengine yote. Hewa za shimo la choo huua. Hewa ile ya yai viza, ikiwa chache, hunuka; ikiwa nyingi, huilevya pua isinuse tena, nawe ukadhani imetoweka. Methani nayo na kaboni dioksidi huifukuza oksijeni. Katika nchi yetu watu wanaozoa vyoo kwa ndoo, na wachimbaji wa mashimo, wamekufa kwa namna moja tena na tena: wa kwanza hushuka, huanguka, wa pili hushuka kumwokoa nduguye, huanguka juu yake, na mara nyingine wa tatu. Umwonapo mtu ameanguka shimoni, usishuke. Piga kelele, ita watu wenye kamba na vyombo vya kupumulia, mwite zimamoto, lakini miguu yako ibaki juu.

Na baada ya gesi kutoka, kubani husalia nini? Husalia uji mweusi, na ndani ya uji huo karibu naitrojeni yote iliyoingia bado imo. Vijidudu vya methani huichukua kaboni. Naitrojeni havina haja nayo ila kidogo. Mtu mmoja hutoa kilo 3 au 4 za naitrojeni kwa mwaka, nyingi yake katika mkojo. Mkulima hununua kitu hicho hicho dukani katika gunia la mbolea. Ukiuweka uji ule juu ya udongo, vijidudu vingine, hivi vipendavyo oksijeni, huishika amonia yake na kuigeuza kwanza kuwa naitraiti na halafu naitreti, ambayo mizizi huifyonza kwa pupa. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndiye aliyevitenga vijidudu hivyo mnamo 1890 na kuonyesha kuwa vyaishi kwa kazi hiyo tu, pasipo kula sukari wala wanga. Wanawake wa Kibera hupanda sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni, na mboga za namna hiyo zingeweza kulishwa kwa uji huo. Ila jambo moja: mayai ya minyoo hustahimili kubani. Sharti uji ukaushwe au urundikwe na majani makavu miezi kadhaa kwanza, wala usimwagiwe juu ya majani yatakayoliwa mabichi.

Naitrojeni isiposhikwa hivyo, haipotei. Huenda mahali pengine. Uende ukaone Bwawa la Nairobi. Lilitengenezwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji, na baadaye watu walilitumia kwa mashua za tanga. Leo ukisimama ukingoni utaona majani ya gugu maji na mimea mingine yamelifunika hata huwezi kujua kuwa chini yake kuna maji. Nani aliyeyalisha majani hayo? Ni naitrojeni na fosforasi zilizoletwa na Motoine kutoka kwetu na kwa wengine wa juu yetu. Majani hukua, huzeeka, huzama, huoza. Yaozapo humaliza oksijeni iliyomo majini. Na pasipokuwa na oksijeni, wale wenyeji wa gizani hujipatia karamu nyingine. Kwa hiyo kitu kilichotoka choo kimoja bila kushikwa huweza kuwa methani mara mbili: kwanza shimoni, halafu bwawani. Na mtu asiseme watu wa Kibera hawataki usafi. Mji ulipopanga mabomba yake ya maji machafu haukuwapangia wao, na choo kisicho na bomba sharti kimwagike mahali fulani.

Mwaka uliopita wanafunzi wangu walitaka kuona kazi hiyo kwa macho. Tulichukua chupa tatu za plastiki za lita tano, kila moja tukaitia samadi mbichi ya ng'ombe kidogo iwe chachu, na maji. Ya kwanza waliongeza maganda ya viazi yaliyosagwa, ya pili mabaki ya mboga, na ya tatu vijana wa kiti cha nyuma wakaongeza ugali, bakuli mbili, kwa hoja kwamba chakula kizuri kitatoa gesi nzuri. Tukafunga puto katika kila mdomo wa chupa. Katika juma la kwanza puto la ugali lilivimba kuliko yote, na wenyewe wakashangilia. Lakini hewa ile ya mwanzo kwa sehemu kubwa ni kaboni dioksidi. Tuliipitisha katika maji ya chokaa yakageuka meupe. Kisha puto likanywea. Tulipopima uji wake kwa karatasi ya asidi, karatasi ikawa nyekundu: wale vijidudu wa kundi la pili walikuwa wametengeneza asidi upesi mno, na wale wa mwisho, ambao hawapendi uchachu, wakalemewa. Juma la nne maputo mawili ya kwanza yalikuwa yamejaa na kusimama wima.

Wenye ugali hawakukubali kushindwa. Walitia majivu ya jikoni kijiko kimoja kimoja, wakipima kila siku na kuandika katika daftari, hadi karatasi ikaacha kuwa nyekundu. Wakaongeza samadi kidogo, wakaifunga tena. Siku ya arobaini na moja puto lao likainua kichwa.